Bugeshi Kutoka Angani: Tutarajie Nini Katika Mchezo wa Mwigo wa Ndege?

Utangulizi

Wasomaji wetu wamezoea kukuta katika safu hii uhakiki wa riwaya, tamthilia na diwani za mashairi. Safari hii tunawaomba uvumilivu, kwa sababu kazi tunayoihakiki si kitabu bali ni mchezo wa kompyuta unaoitwa Microsoft Flight Simulator 2024. Tunaamini kwamba kazi hiyo inastahili kuzungumzwa katika jarida la idara ya Kiswahili kwa sababu moja kubwa: ni kazi ya uigaji, na suala la uigaji ndilo ambalo kila mwanafunzi wa nadharia ya fasihi hukutana nalo tangu majuma ya kwanza ya masomo yake.

Sababu ya pili ni zoezi lililoletwa mezani kwetu na binti mmoja wa mwaka wa pili, mzaliwa wa Bugeshi katika wilaya ya Rubavu. Wanafunzi walikuwa wametakiwa kuchagua kazi yoyote ya kisanaa isiyo kitabu na kuihakiki. Binti huyu aliuchagua mchezo huo. Kama wafanyavyo wengi wanaoufungua kwa mara ya kwanza, aliielekeza ndege nyumbani kwao. Akatafuta nyumba ya wazazi wake asiione. Akatafuta kuta za mawe meusi ya volkano zinazotenga mashamba ya viazi asizione. Zoezi lake lilikuwa la kurasa mbili, na sentensi yake ya mwisho ilisema kwamba mchezo huo ni uongo uliopambwa.

Makala haya yamekusudiwa kumjibu mwanafunzi huyo na, kwa kupitia kwake, kuwajibu wengine wengi wanaoifungua kazi mpya wakiwa na matarajio makubwa kisha wakaifunga kwa hasira. Alitoa madai matatu. Kwanza, Bugeshi anayoijua haimo. Pili, ndege ni dhaifu: injini ilikohoa na ikashindwa kuupita mlima Karisimbi. Tatu, mchezo hausemi Kiswahili. Tutayachukua madai hayo moja baada ya jingine, kwani hayana uzito sawa.

Kabla ya hapo, neno moja kuhusu istilahi. Wako wanaosema "simuleta", na neno hilo linaeleweka hasa kwa mashine zinazotumiwa kuwafunza marubani. Sisi tumechagua "mchezo wa mwigo wa ndege", kwa sababu "mwigo" ni neno letu wenyewe na linatukumbusha kwamba tunazungumzia jambo lilelile tunalolijadili darasani.

Kazi yenyewe

Mchezo huu una ukoo mrefu. Toleo la kwanza la Microsoft lilitoka mwaka 1982, likitokana na kazi ya Bruce Artwick na kampuni ya subLOGIC. Ardhi yake ilikuwa mistari tu, na mchezaji alianzia katika uwanja mdogo wa Meigs, Chicago. Mwaka 2006 likatoka toleo lililoitwa Flight Simulator X, lenye viwanja zaidi ya 24,000. Mwaka 2009 Microsoft iliifunga karakana iliyolitengeneza, na wapenzi wa mchezo wakadhani ukoo umekatika. Ukafufuka tarehe 18 Agosti 2020, safari hiyo ukiwa umetengenezwa na Asobo Studio ya Bordeaux, Ufaransa. Toleo la sasa lilifuata tarehe 19 Novemba 2024.

Tofauti kati ya toleo la 2006 na haya mawili ya karibuni ni kubwa. Lile la zamani lilipamba ardhi kwa vipande vya picha vilivyorudiwarudiwa: kipande cha msitu, kipande cha shamba, kipande cha mji. Haya mapya huchukua picha za setilaiti na za ndege kutoka ramani za Bing na kuzitandaza juu ya umbo la ardhi. Picha hizo huhifadhiwa katika seva za mbali, nazo huletwa kwa intaneti kadiri ndege inavyosonga. Mahali ambapo nyumba hazijapimwa moja moja, programu huitazama picha, ikakisia hapa pana paa na hapa pana mti, kisha ikazisimamisha nyumba na miti yenyewe. Kazi hiyo ya kukisia, katika toleo la 2020, ilifanywa kwa akili mnemba ya kampuni ya Blackshark.ai ya Graz, Austria.

Msomaji azingatie neno "kukisia", kwa kuwa ndilo ufunguo wa dai la kwanza la mwanafunzi wetu.

Ahadi ni deni

Tulimwuliza binti huyo kama amewahi kucheza toleo la 2006. Akasema ndiyo, kwa kaka yake, katika kompyuta kuukuu. Je, alikuta nyumba ya wazazi wake humo? La. Je, alikasirika? Akacheka. Hakukasirika, kwa sababu hakutarajia kitu. Ardhi yote ilikuwa ya vipande vya kurudiarudia, ya Bugeshi sawa na ya kwingineko, naye aliruka akafurahi.

Hapa pana fundisho kwa mhakiki. Kazi ya zamani ilimpa kidogo ikasifiwa. Kazi mpya imempa mara nyingi zaidi ikalaumiwa. Kilichobadilika ni ahadi. Waswahili husema ahadi ni deni, na matoleo haya mapya yalitangazwa kwa ahadi ya dunia nzima. Mtu akiambiwa kwamba dunia nzima imo, ana haki ya kuuliza: na kwetu je?

Jibu la kweli ni kwamba kwetu pamo kwa viwango viwili tofauti. Umbo la ardhi limo kwa usahihi mkubwa. Nyumba zimo kwa kukisia. Sababu ya tofauti hiyo si siri. Miinuko ya dunia imepimwa kwa njia isiyobagua sana. Mwezi Februari 2000, kwa mfano, chombo cha anga Endeavour kilizunguka kwa siku 11 kikiwa na rada, na kikapima miinuko ya takribani asilimia 80 ya nchi kavu yote. Rada ile haikuuliza chini yake pana mji tajiri au shamba la viazi. Nyumba ni jambo jingine. Ili zionekane jinsi zilivyo, kila ukuta na kila dirisha, ni lazima ndege ipite chini ikizipiga picha nyingi kutoka pande mbalimbali, na kazi hiyo hufanywa mahali penye mwenye kuilipia. Ndiyo maana mlima Karisimbi katika mchezo huu unafanana na Karisimbi, ilhali nyumba za chini yake zinafanana na nyumba za mahali popote.

Wala makosa ya nyumba si ya Bugeshi peke yake. Mwaka 2020 wachezaji waligundua mnara mwembamba wa ajabu katika kitongoji cha Melbourne, Australia, mahali ambapo hapana jengo refu. Ilibainika kwamba mtu aliyeingiza habari katika OpenStreetMap, ramani inayohaririwa na watu wa kujitolea, alikuwa ameandika ghorofa 212 badala ya 2. Kosa hilo lilikuwa limekwisha kusahihishwa katika ramani, lakini mchezo ulitumia habari za kabla ya hapo. Huko London nako, kasri la Buckingham lilijitokeza kama jumba la ofisi. Ikiwa kasri la mfalme limekisiwa vibaya, mkulima wa Bugeshi hana sababu ya kuona kwamba ni yeye tu aliyedharauliwa.

La kutazamwa zaidi ni walivyofanya wachezaji baada ya kuuona mnara wa Melbourne. Hawakuzima kompyuta. Waliruka makundi kwa makundi kwenda kuutazama, na wako waliojaribu kutua juu yake. Kosa likawa kivutio. Kwa hiyo inawezekana mtu akaijua kasoro, akaitaja kuwa ni kasoro, na bado akaifurahia kazi.

Mlima uliokataa kupitwa

Sasa dai la pili. Mwanafunzi wetu aliandika kwamba ndege ni dhaifu. Alikuwa amechagua Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja ambayo hutumiwa sana kuwafunza marubani. Aliiondoa Kigali, na tangu mwanzo ikamchelewesha kupaa. Kila alipozidi kupanda injini ilinguruma kwa kukatakata. Alipofika karibu na Karisimbi akauvuta usukani ili apite juu ya kilele. Ndege ikainua pua, ikapungua mwendo, ikatetemeka, kisha ikaanguka pua mbele. Aliona kuwa watengenezaji wamefanya kazi mbovu.

Tuliketi naye tukarudia safari hiyohiyo, safari hii tukiwa na karatasi na kalamu. Uwanja wa Kigali uko takribani mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam au Mombasa. Injini isiyo na mtambo wa kusukuma hewa hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila futi 1,000 za kimo. Yaani, kabla hata haijaanza kukimbia, ndege ya Kigali imekwisha kupoteza karibu asilimia 15. Mabawa nayo hupata hewa chache ya kuyabeba, na rafadha hupata hewa chache ya kusukuma. Basi kuchelewa kupaa si ubovu. Ndivyo ndege zinavyopaa katika nchi ya milima.

Kukohoa kwa injini nako kuna sababu. Katika hewa nyepesi, mafuta yaleyale yanakuwa mengi mno kwa hewa iliyopo, na injini hushindwa kuyachoma vizuri. Rubani hutakiwa kupunguza mafuta kidogo kidogo kadiri anavyopanda, kwa kirungu chekundu kilicho kando ya kile cha nguvu. Tulipokivuta kirungu hicho taratibu, mngurumo ukanyooka. Binti akasema, "Kumbe!"

Umebaki mlima. Karisimbi una urefu wa mita 4,507. Kimo cha juu ambacho Cessna 172 ya aina hiyo imeandikiwa na watengenezaji wake ni futi 14,000, yaani takribani mita 4,270, na katika kimo hicho hupanda futi 100 tu kwa dakika. Katika joto la karibu na ikweta kikomo hicho hushuka zaidi. Kwa maneno mengine, kilele cha Karisimbi kiko juu kuliko mahali ambapo ndege hiyo inaweza kufika. Rubani wa kweli angekatazwa na mlima uleule. Mchezo ulimkatalia mwanafunzi wetu kwa sababu ulikuwa unasema kweli.

Kwa hiyo palepale alipouona udhaifu wa kazi ndipo palipo na nguvu zake. Alitafuta ukweli katika mapaa ya nyumba akakuta makisio. Hakuutafuta ukweli katika hewa, kwa sababu hewa haionekani, na huko ndiko ulikokuwa. Wachezaji wengi wapya hukosea vivyo hivyo. Jina lenyewe la mchezo linaahidi mwigo wa urukaji. Dunia ya chini ni pambo la jukwaa. Mhusika mkuu ni ndege ndani ya hewa.

Njia ya kupita

Baada ya kukubali kwamba juu hatupiti, tukatafuta njia nyingine, na hapo ndipo furaha ilipoanza. Bugeshi iko katika tandiko kati ya milima miwili: Karisimbi upande wa mashariki na Nyiragongo, wenye mita 3,470, upande wa magharibi ndani ya Kongo. Nyuma yao kaskazini umesimama Mikeno wenye mita 4,437. Tuliamua kwenda kwanza Gisenyi, umbali wa takribani kilomita 100 kwa mstari ulionyooka, safari ya nusu saa hivi kwa Cessna ambayo kwa basi huchukua muda wa saa tatu. Tukageukia kaskazini juu ya ziwa Kivu, lililoko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, tukafuata mteremko unavyopanda.

Tulikaa kwenye futi 10,000. Kwa kimo hicho vilele vya kushoto na kulia viko juu yako, nawe unapita kati yao kama mtu apitaye mlangoni. Jua la asubuhi lilikuwa nyuma ya Karisimbi na kivuli chake kilikuwa kimelala juu ya mashamba. Mwanafunzi wetu hakutafuta tena paa la kwao. Alikuwa akitazama jinsi ardhi inavyopanda kutoka ziwani, na ghafla akaeleza jambo ambalo hakuliandika katika zoezi lake: kwa nini kwao ni baridi kuliko Gisenyi, kwa nini mawingu hukaa tandikoni asubuhi, na kwa nini viazi hustawi pale ambapo ndizi hukataa. Mambo hayo alikuwa akiyajua tangu utotoni kwa miguu. Sasa aliyaona yote kwa pamoja, na akayasema kwa lugha nzuri kuliko ile ya kurasa zake mbili.

Tunaona kuwa hapo mchezo ulitimiza kazi yake kama sanaa. Haukumwonyesha nyumba yake. Ulimwonyesha mahali nyumba hiyo ilipowekwa na dunia. Yeye, kama wengi wa wanafunzi wetu, hajawahi kupanda ndege, na tandiko hilo asingeliona hivyo kwa njia nyingine.

Kusadikika haina ramani

Wanafunzi wetu wanaijua Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mara ya kwanza mwaka 1951. Mwandishi alituambia wazi kwamba nchi hiyo iko angani. Hatujapata kumwona mwanafunzi akiirudisha maktabani kwa kuwa nchi yenyewe haimo katika atlasi. Kila msomaji hutambua kwamba kinachoigwa humo si milima na mito bali ni dhuluma, hofu ya watawala na ujasiri wa Karama mbele ya baraza. Tukikiangalia kitabu hicho kwa kipimo cha jiografia kitaanguka. Tukikiangalia kwa kipimo cha utawala na haki kitasimama.

Aristotle naye alisema tangu kale kwamba kazi ya mshairi si kusimulia yaliyotokea, bali yale yanayoweza kutokea. Wanafunzi hulikariri jambo hili katika mitihani. Lakini wanapokutana na riwaya yenye kijiji kama chao, swali lao la kwanza huwa ni lilelile la binti wa Bugeshi: mbona si kwetu? Mhusika hakuvaa kama wavaavyo kwetu. Mahari hayalipwi hivyo. Soko letu haliko Jumanne. Zoezi zima la uhakiki linageuka kuwa orodha ya tofauti. Hatusemi kwamba tofauti hizo hazina maana. Tunasema kwamba ziulizwe baada ya swali jingine, nalo ni hili: kazi hii iliahidi kuiga nini? Baada ya hapo ndipo tupime kama imeitimiza ahadi.

Kurekebisha matarajio, basi, si kujishusha wala kuridhika na kidogo. Ni kukihamisha kipimo kutoka mahali kisipohusika na kukiweka mahali pake. Wakati mwingine, kama tulivyoona kwa Karisimbi, kipimo kilichowekwa mahali pake huonyesha kwamba kazi ni kubwa kuliko tulivyodhani.

Deni lililobaki

Tukisema hivyo hatuna maana kwamba mchezo usamehewe kila kitu. Mhakiki anayesamehe yote ana kosa sawa na anayelaani yote. Dai la tatu la mwanafunzi wetu, kwamba mchezo hausemi Kiswahili, tunaliunga mkono bila masharti. Orodha ya lugha zake ina lugha kadhaa za Ulaya na za Asia. Kiswahili hakimo. Rwanda iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, ikakifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, na mwaka 2021 UNESCO ikaitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Lugha yenye hadhi hiyo haikosi wasemaji wa kutosha kuandikiwa masomo ya awali ya urubani. Aidha, istilahi nyingi tunazo tayari: rubani, usukani, mabawa, rafadha, kupaa, kutua, kimo. Zinazokosekana ni kazi nzuri kwa semina zetu za istilahi.

Deni la pili ni mgawanyo wa uangalifu. Katika toleo la 2020 viwanja vichache vilitengenezwa kwa mkono, kimoja kimoja, na vingine vikaachiwa programu. Waliolipa zaidi kwa toleo la pili la bei walipata viwanja vitano zaidi vya aina hiyo, na kati ya hivyo viwili vilikuwa vya Afrika: Cairo na Cape Town. Ni mwanzo, lakini kati ya ncha hizo mbili za bara pana watu wengi.

La tatu ni gharama. Toleo la 2024 linahitaji kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti 16 kwa uchache, na intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde bila kukatika. Wanaotaka kuona vizuri hushauriwa kuwa na megabiti 50. Hata penye mtandao mzuri, siku ya kwanza ilikuwa ya aibu: tarehe 19 Novemba 2024 seva zilielemewa, watu duniani kote wakakaa saa nyingi wakitazama mstari wa kupakia uliogoma kwenye asilimia 97, na watengenezaji wakajitokeza hadharani kueleza kilichotokea. Kitabu kikishanunuliwa hakiombi ruhusa ya seva ili kifunguke. Mchezo huu huomba. Kwa toleo la 2020 palikuwa na njia ya kati: kampuni ya Aerosoft iliuza kisanduku chenye diski 10 kwa wale wa Ulaya wenye mtandao mdogo. Watu wa kwetu wangeifurahia zaidi njia hiyo. Asiyeimudu gharama yoyote anaweza kuanza na FlightGear, mchezo wa bure ulioanza miaka ya 1990 na unaotengenezwa na watu wa kujitolea. Mapambo yake ni machache, lakini hewa yake nayo ni nyepesi mlimani.

Deni la nne ni zito kuliko yote, nalo halilipiki kwa toleo jipya. Picha ya setilaiti ni ya siku moja tu. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilishuka hadi Goma ikafunika sehemu ya njia ya kurukia ndege. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulilipuka tena, watu wakakimbilia Gisenyi, na siku zilizofuata ardhi ikatetemeka pande zote mbili za mpaka. Mwezi Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Goma, na mabomu yakafika hata Rubavu. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloonekana kutoka dirishani mwa Cessna yetu. Mpaka wenyewe hauna mstari: tulipinda juu ya Kibumba, tukawa Kongo, tukarudi Bugeshi, na hakuna aliyetuuliza.

Binti alikaa kimya katika kona hiyo. Kisha akasema kwamba ndivyo angependa kuupita. Hatukumjibu, wala hatudhani kwamba mhakiki anatakiwa kuwa na jibu. Tunaloweza kusema ni kwamba anga ya mchezo ni tulivu kwa sababu imeachwa bila watu, na anayeifurahia na akumbuke hivyo.

Hitimisho na ushauri kwa waalimu

Kwa ujumla tunauona mchezo huu kuwa kazi nzuri ya mwigo wa hewa na milima, kazi ya wastani ya mwigo wa makazi, na kazi isiyojua lolote kuhusu maisha ya watu. Anayeujia kwa mpangilio huo atafurahi. Anayeujia kwa kuupindua atazima kompyuta baada ya dakika kumi.

Kwa waalimu wanaotaka kuutumia darasani tunatoa ushauri huu. Mwanafunzi aanze na ndege ndogo, kwa kuwa ndege kubwa huficha hewa nyuma ya mitambo. Asitafute nyumba yao katika safari ya kwanza. Atafute mto, ziwa au tandiko la milima. Aandike kabla ya kuruka anachotarajia kukiona, na baada ya kutua aandike alichokiona. Tofauti kati ya karatasi hizo mbili ndiyo iwe mada ya uhakiki wake. Zoezi hilohilo linafaa kwa riwaya.

Kuhusu nyumba za Bugeshi, mnara wa Melbourne umetufundisha jambo jingine pia: ramani hizi huandikwa na watu, na kidole kimoja kikikosea ghorofa 210 huzaliwa. Kidole kikipatia, nyumba huweza kusimama mahali pake. OpenStreetMap iko wazi kwa mwanafunzi yeyote mwenye subira. Hatuahidi kwamba nyumba iliyochorwa leo itaonekana kesho katika mchezo, kwani ahadi ni deni.

Zoezi la mwanafunzi wetu tulimrudishia bila alama, likiwa na swali moja pambizoni: kazi hii iliahidi kuiga nini? Amekwisha kulileta tena. Limefikia kurasa sita, dai la Kiswahili limebaki, na dai la mlima ameliondoa mwenyewe. Wasomaji wenye maoni tofauti wanakaribishwa kutuandikia, hasa wale wanaotoka chini ya milima hiyo.